Ngazi ya kiungo wa kike Marekani: tumeipima kipandio kwa kipandio, kipimo chetu Rose Lavelle

Tuanze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Ligi ya NWSL, ligi kuu ya wanawake ya Marekani, ilipoanza mwaka 2013 ikiwa na timu 8, mshahara wa chini ulikuwa dola 6,000 kwa msimu. Rose Lavelle, kiungo wa timu ya taifa ya Marekani, alipoingia mwaka 2017 ulikuwa umefika 15,000. Mwaka 2022 ukawa 35,000, mwaka 2025 ukawa 48,500, na mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji uliotangazwa Agosti 2024 unaupandisha mpaka 82,500 ifikapo 2030. Kwa hiyo anayekwambia soka la wanawake Marekani ni njaa tupu hakudanganyi, anakusimulia habari za zamani. Miaka ile ya mwanzo kuna wachezaji waliolala kwa familia zilizojitolea kuwapa chumba, na msimu ukiisha wanasaka kibarua kingine.

Mshahara ni tarakimu, yeyote anaweza kuusoma. Kigumu kupima ni ngazi yenyewe: klabu ya watoto, sekondari, chuo kikuu, ligi ya kulipwa, timu ya taifa. Wamarekani huiuza kama kifurushi kimoja, na kila mwaka wazazi na wachezaji wa huku kwetu wanaulizia kama inafaa. Tumeipima kwa nafasi moja tu, kiungo. Mshambuliaji anaweza kuokolewa na mbio zake na kipa na urefu wake, ila kiungo anaishi kwa kupokea mpira akiwa amezungukwa, na hilo halijifunzi peke yake. Njia ikiwa mbovu, kiungo ndiye wa kwanza kuonyesha.

Lavelle tumemchagua kwa sababu amepita kila kipandio, na karibu kila kilichooza kilimvunjikia yeye. Ni mzaliwa wa Cincinnati, Ohio, mwaka 1995, mguu wake wa kushoto, umbo dogo, namba kumi wa asili, yaani kiungo mshambuliaji. Bao lake la dakika ya 69 katika fainali ya Kombe la Dunia 2019 mjini Lyon linaeleza mchezaji wa aina gani tunayemzungumzia: aliukokota mpira katikati ya uwanja, mabeki wa Uholanzi wakarudi nyuma badala ya kumkaba, akauhamishia kushoto hatua moja nje ya boksi na kuupiga chini kwenye kona. Marekani ikashinda 2-0 naye akaondoka na Mpira wa Shaba, tuzo ya mchezaji bora wa tatu wa mashindano.

Kipandio cha kwanza: pesa ya mzazi

Hapa hatutakaa sana. Soka la watoto Marekani hulipiwa na mzazi: ada ya klabu, jezi, mafuta ya gari, hoteli za mashindano ya wikiendi. Kwenye klabu za juu, kama zile za ligi ya wasichana ya ECNL iliyoanzishwa mwaka 2009, hesabu ya mwaka inafika maelfu ya dola. Timu ya shule ni kitu kingine, inachezwa kwa fahari ya mtaa, na makocha wa vyuo huangalia zaidi mashindano ya klabu. Mtoto wa mhamiaji Mwafrika anayeishi Columbus au Minneapolis akikwama, mara nyingi anakwama hapa, na si kwa sababu ya mguu. Uliza mapema kama klabu ina punguzo kwa kipato. Nyingi zinalo, ila halibandikwi ukutani.

Chuo: bidhaa nzuri yenye kasoro moja kubwa

Lavelle alicheza chuo kikuu cha Wisconsin kuanzia 2013 hadi 2016, misimu 4 kamili. Unachopata chuoni ni kizuri kuliko klabu nyingi za wanawake duniani zinavyotoa: daktari wa timu, mtu wa tiba ya viungo kila siku, ukumbi wa vyuma, uwanja unaomwagiliwa, mwalimu wa kukusaidia masomo ukiwa safarini, na shahada mkononi mwisho wa safari. Chanzo chake ni sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata pesa za serikali kuu. Vyuo vilivyotaka kubaki na timu kubwa za wanaume vililazimika kuwajengea wanawake timu pia, na soka likafaidika kuliko karibu mchezo mwingine wowote.

Kasoro iko kwenye kanuni za mchezo wenyewe. Soka la chuo linaruhusu kubadilisha wachezaji kwa wingi. Aliyetoka kipindi cha kwanza harudi mpaka cha pili. Aliyetoka kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja. Soma tena taratibu uone maana yake kwa namba nane, kiungo wa kati. Kocha mwenye benchi nene anaingiza washambuliaji watatu wabichi dakika ya 25, wanawasumbua mabeki kwa dakika 20 bila kujali pumzi, kisha wanapumzika na wengine wanaingia. Beki anayekabwa hivyo hatulii, anabutua. Mpira unagombaniwa juu, unabutuliwa tena. Kiungo anayejua kupunguza kasi na kuvuta mpira miguuni anabaki kuutazama ukimpita juu kama ndege inayokwenda kutua Kipawa.

Tena saa ya uwanjani inahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, na mwamuzi anaweza kuisimamisha. Ile akili ya kuongoza dakika za mwisho, kuulaza mpira, kulazimisha faulo ya mbali, kujua mwamuzi kaongeza ngapi, chuoni haina kazi. Mchezaji anaikuta ligini akiwa na miaka 22.

Ratiba nayo imebanwa. Msimu unaanza Agosti na fainali ni mwanzoni mwa Desemba. Mechi mbili kwa wiki ni kawaida, mara nyingi Alhamisi na Jumapili, halafu kuanzia Januari ni mazoezi na mechi chache za kirafiki. Wenzao wa umri huo Ulaya wanacheza miezi 9 au 10 kwa mpangilio wa mechi moja kwa wiki. Msuli wa nyuma ya paja hauipendi ratiba ya kwanza: unabanwa miezi minne, unalegezwa miezi minane.

Lavelle kasoro hii haikummaliza kwa sababu alikuwa na mlango wa pili. Alikuwa kwenye timu ya vijana ya taifa, akacheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 nchini Kanada mwaka 2014, na huko mpira ulichezwa kwa kanuni za kawaida. Kiungo asiye na mlango huo auchague chuo kwa jicho kali. Tafuta mechi tatu zilizorekodiwa za timu hiyo. Hesabu mipira ya goli mingapi imeanzwa kwa pasi fupi na mingapi imepigwa mbali. Kisha mfuatilie namba sita wao, kiungo mkabaji, kwa dakika 15 na kuhesabu anagusa mpira mara ngapi. Akigusa mara 4 au 5, hicho ni chuo cha mabeki na washambuliaji. Kocha atakwambia tunacheza mpira wa pasi. Wote husema hivyo.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, makaratasi ndiyo kikwazo kuliko mpira. Daraja la kwanza la vyuo linadai masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa angalau 2.3 kwa vipimo vyao. Mitihani ya SAT na ACT haitakiwi tena kwa uhalali wa michezo, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka kwa udahili. Matokeo yako yanatumwa kwenye kituo cha uhalali cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na yanatafsiriwa huko, kwa hiyo jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na pasipoti liwe moja mpaka herufi. Tofauti ya "Mwanaisha" na "Mwanaisha H." inaweza kukuchelewesha muhula mzima. Chuo kikikukubali kinatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza, unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni (mwaka 2025 ilikuwa dola 350), na ada ya F-1, viza ya mwanafunzi (mwaka 2025 ilikuwa dola 185), na ndipo unakwenda kwenye usaili ubalozini.

Jambo linalowakwamisha wengi ni mkataba. Msichana aliyekwisha saini mkataba wa kulipwa na klabu ya ligi kuu nyumbani, hata kama malipo yenyewe ni nauli na sabuni, lazima aeleze kila shilingi. Kilichozidi gharama halisi kinaweza kumpunguzia misimu au kumfungia kabisa. Kanuni hizi zinafanyiwa marekebisho mara kwa mara, soma za mwaka unaoomba. Ila usifiche. Picha za kutambulishwa ukiwa umeshika jezi ziko mtandaoni, na wanaokagua nao wanazo simu.

Kuhusu ufadhili, usinunue mbuzi kwenye gunia. Kwa miaka mingi timu ya soka ya wanawake ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi 14 tu za ufadhili kamili, zikigawanywa vipande vipande kwa wachezaji 25 na zaidi, hivyo "nimepata skolashipu" ingeweza kuwa robo ya ada. Tangu msimu wa 2025, kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano mapya ya mahakamani, ukomo huo umeondolewa na badala yake kikosi kimewekewa kikomo cha wachezaji 28. Fedha zinaweza kuwa nyingi zaidi, nafasi zimekuwa chache. Yule wa tatu kwenye benchi aliyebebwa kwa huruma ya kocha ndiye aliyepunguzwa. Taka maandishi yanayotaja ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya, na nauli ya likizo ni ya nani. Halafu ujue kwamba wachezaji wa Marekani wanaruhusiwa tangu Julai 2021 kupata pesa za matangazo kwa majina yao, lakini mwenye viza ya F-1 amefungwa mikono kwa sababu viza hiyo hairuhusu kazi za namna hiyo kiholela. Kuposti tangazo la viatu na kulipwa kunaweza kukugharimu kibali chako cha kuishi Marekani.

Alama yetu kwa chuo ni 7 kati ya 10, na ingekuwa 8 kama wangeiga tu kanuni ya mabadiliko 5 inayotumika ligini.

Drafti, marehemu

Si ile ya vizibo vya soda kijiweni, ingawa mchezaji alisukumwa vivyo hivyo, kwa kidole cha mwingine. Kila Januari klabu zilipanga foleni na kuchagua wahitimu kwa zamu. Ukichaguliwa, haki zako ligini ni za klabu hiyo, iwe umeipenda au la.

Januari 2017 Boston Breakers ilimchukua Lavelle akiwa chaguo namba 1. Machi akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Uingereza. Katikati ya mwaka msuli wa nyuma ya paja ukamweka nje. Na Januari 2018, baada ya msimu mmoja tu, Breakers ikafungwa. Wachezaji wake wakagawanywa kwa klabu nyingine kwa drafti ya pili, kama vyombo vya duka lililofilisika, na Washington Spirit ikamchukua Lavelle akiwa namba 1 tena. Kuwa wa kwanza mara mbili ndani ya miezi 13 kunapendeza kwenye wasifu. Maana yake halisi ni kwamba mara zote mbili hakuulizwa anataka kuishi wapi.

Ilikuja ya tatu. Agosti 2020 Spirit ilihamishia haki zake kwa OL Reign, naye wakati huohuo akasaini Manchester City. Yaani alikuwa anacheza Uingereza huku klabu ambayo hajawahi kuivalia jezi ndiyo inayommiliki Marekani. Alirudi kuichezea Reign mwaka 2021. Mara ya kwanza kuchagua klabu ya nyumbani kwa hiari yake ilikuwa Januari 2024, akiwa mchezaji huru mwenye miaka 28, alipokwenda Gotham FC pamoja na wenzake wa timu ya taifa Emily Sonnett, Crystal Dunn na Tierna Davidson. Namba kumi wa mabingwa wa dunia alisubiri misimu 7 kupata kitu ambacho mchezaji wa daraja la pili Hispania anacho mkataba wake ukiisha.

Kilichowafanya wachezaji wa kiwango chake wavumilie ni kwamba mshahara wao haukutegemea klabu. Tangu 2013 shirikisho la soka la Marekani liliwalipa wachezaji wa taifa mishahara yao ya ligi. Utaratibu huo ulikoma na makubaliano ya 2022, yale yaliyosawazisha malipo ya timu za taifa za wanawake na wanaume. Kiungo wa kawaida, asiye wa taifa, hakuwa na mto huo wa kulalia: alikuwa na drafti, 15,000 na mizigo ndani ya gari.

Mkataba wa Agosti 2024 uliifuta drafti kabisa. Ya mwisho ilikuwa ya Januari 2024, na chaguo namba 1 lilikuwa Ally Sentnor kwa Utah Royals. Mkataba huohuo umeleta mambo matatu yanayomgusa kiungo moja kwa moja: kila mkataba ukiisha mchezaji ni huru, mishahara imedhaminiwa, na huwezi kuhamishiwa klabu nyingine bila ridhaa yako. Matokeo yake yameanza kuonekana kwenye bei. Sentnor huyo alihamia Kansas City Current Agosti 2025 kwa dola 600,000, rekodi ya wakati huo kwa uhamisho wa ndani ya ligi.

Drafti kama ilivyokuwa tungeipa 2. Utaratibu mpya 8. Alama mbili zimekatwa kwa sababu ya ukomo wa mishahara: mwaka 2025 kila klabu ilikuwa na dola milioni 3.3 za msingi kwa kikosi kizima, na klabu inapokuwa na nyota wawili wa mbele wa bei kali, anayebanwa ni kiungo mkabaji asiyefunga. Wakala mzuri hujenga hoja kwa mipira iliyopokonywa na pasi zilizovuka mstari wa kwanza wa wakabaji. Akija na kanda ya mabao peke yake, mbadilishe.

Viwanja, na hasara ya mita 15

Tarehe 9 Julai 2016, mjini Rochester, Western New York Flash na Seattle Reign (ndiyo OL Reign ya baadaye) zilicheza ndani ya uwanja wa besiboli. Uwanja uliochorwa ulikuwa na yadi 100 kwa 58, sawa na mita 91 kwa 53. Uwanja wa kawaida wa mashindano makubwa una upana wa mita 68. Ligi iliomba radhi baadaye.

Toa mita 15 za upana uone anayepoteza. Mawinga hawana pa kusimama, wanaingia ndani, na mabeki wa pembeni wa wapinzani wanawafuata huko huko. Kiungo anayepokea mpira na kugeuka anamkuta mtu hatua mbili mbele yake badala ya tano. Mpira wa kurusha unafika ndani ya boksi kama kona. Mechi iliisha 5-2, na ukitazama mechi ya namna hiyo utadhani viungo wote ni wabovu siku hiyo.

Reign yenyewe, kabla ya kuhamia Lumen Field mwaka 2022, ilikuwa ikichezea Cheney Stadium ya Tacoma, nayo ya besiboli. Huko ndiko Lavelle alikochezea msimu wake wa kwanza klabuni hapo. Upande wa pili wa shilingi ni Kansas City, iliyofungua CPKC Stadium Machi 2024, watu 11,500, uwanja wa kwanza kujengwa mahsusi kwa klabu ya wanawake ya kulipwa. Kati ya hizo mbili ndimo ligi ilimo. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: nyasi ni halisi au bandia, na mwenye uwanja ni nani. Klabu inayopanga kwa timu ya besiboli au ya futiboli ya Marekani hukuta nyasi zimechanwa kila vuli, tena katikati, anapoishi kiungo.

Mwili

Lavelle ameumia msuli wa paja mwaka 2017 na ukamsumbua tena 2018, akaumia goti Aprili 2023 na kwenda Kombe la Dunia bila kuwa na mechi miguuni, kisha upasuaji wa kifundo cha mguu ukamkosesha miezi ya mwanzo ya msimu wa 2025. Huyu ni mmoja wa waliobahatika. Sam Mewis, kiungo aliyepita chuo cha UCLA, Flash, North Carolina Courage na Manchester City, aliyefunga katika fainali ya Kombe la FA Novemba 2020, alistaafu Januari 2024 akiwa na miaka 31 kwa sababu goti limekataa. Croix Bethune, wakati huo kiungo wa Washington Spirit, mwaka 2024 alikuwa na msimu wa kwanza wa ajabu, pasi za mabao 10, sawa na rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Agosti alichana gegedu ya goti alipokuwa akirusha mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya besiboli. Bado alitwaa tuzo ya mchezaji bora mpya.

Ushauri wa kazi: mkataba utaje ni shughuli zipi za matangazo zinahesabika kuwa kazi ya klabu, na nani analipa ukiumia ukiwa huko. Bethune alikuwa na klabu kubwa nyuma yake. Anayecheza ligi ya chini na mwenye bima ya kuungaunga asirushe wala asiruke kwa ajili ya kamera.

Kuna jambo jingine la mwili ambalo tathmini nyingi hulipitia juu juu. Septemba na Oktoba 2021 wachezaji walitoboa habari za makocha waliowanyanyasa, wengine kingono. Mmoja wa waliosema ni Sinead Farrelly, kiungo. Mechi ziliporejea tarehe 6 Oktoba, wachezaji waliacha kucheza dakika ya 6 na kushikana mabega katikati ya uwanja, kwa sababu ilichukua miaka 6 wenzao kusikilizwa. Januari 2023 makocha 4 walifungiwa maisha. Farrelly, aliyekuwa nje ya soka kwa miaka mingi, alirudi mwaka huo kwa Gotham na akacheza Kombe la Dunia kwa Ireland. Sasa ligi ina njia za kuripoti bila jina. Chama cha wachezaji ndicho kilichozidai, na mgeni anayejiunga ligini aombe namba ya mwakilishi wa chama klabuni siku ya kwanza, kabla hajaomba ya dereva wa Uber.

Wanaoruka vipandio

Mwaka 2012 Lindsey Horan, binti wa miaka 18 kutoka Golden, Colorado, aliacha nafasi aliyokuwa nayo chuo cha North Carolina akasaini Paris Saint-Germain. Alirudi Portland Thorns 2016, akawa mchezaji bora wa ligi 2018, akaenda Lyon 2022 na kushinda Ligi ya Mabingwa mwaka huo huo, na akawa nahodha wa Marekani iliyotwaa dhahabu Paris 2024. Ukimtazama anavyopokea mpira mgongo ukiwa golini, mwili umefunguka nusu kabla ya pasi kufika, unaona ile miaka minne ya Ufaransa ambayo wenzake walikuwa wakitazama mpira ukipaa juu ya vichwa vyao.

Olivia Moultrie naye alikwenda mahakamani. Ligi ilikataza walio chini ya miaka 18, jaji wa Oregon akaizuia kutumia kanuni hiyo kwake, na Julai 2021 akaichezea Portland akiwa na miaka 15. Leo vijana wanasajiliwa kabla ya chuo bila kesi. Kwa kiungo mwenye kipaji cha wazi akiwa na miaka 17, na klabu inayompa mkataba uliodhaminiwa pamoja na pesa ya masomo ya baadaye, hatuoni tena sababu ya kumpeleka chuoni akacheze mpira wa kubutua. Kwa asiye na hakika, chuo bado ni bima bora.

Wachezaji wengi kutoka Afrika hawapiti ngazi hii. Barbra Banda aliingia Orlando Pride Machi 2024 akitokea Shanghai, kwa dola 740,000, akabeba ubingwa mwaka huo huo. Temwa Chawinga alitokea Wuhan akafunga mabao 20 kwa Kansas City. Racheal Kundananji alitokea Madrid CFF kwenda Bay FC. Wote washambuliaji, wote walipitia ligi nyingine kwanza, kwa sababu kila klabu ya NWSL ina nafasi 7 tu za wageni na hakuna anayempa nafasi hiyo mtu asiye na mabao ya kuonyesha. Kiungo Mwafrika ana kazi ngumu zaidi. Akitaka kuingia kwa mlango huo, atafute miaka miwili kwenye ligi inayorekodi mechi zake zote kwa takwimu, hata kama malipo ni madogo.

Kuna waliopanda ngazi hii ilipokuwa inaporomoka chini ya miguu yao. Lori Lindsey, kiungo wa timu ya taifa, alicheza WUSA, ligi ya kulipwa iliyokufa 2003, akacheza WPS, ligi iliyofuata nayo ikafa 2012, akamalizia NWSL. Juni 2017, akiwa amestaafu, alikuja Tanzania akacheza dakika 90 juu ya Kilimanjaro, mita 5,714 kutoka usawa wa bahari, mechi ya kudai haki sawa kwa wachezaji wa kike. Iliisha 0-0. Ukiulizwa kama ligi ya sasa itadumu kuliko hizo mbili, angalia kwamba ina zaidi ya miaka 10, kwamba msimu wa 2026 ni wa timu 16, na kwamba Boston, ileile iliyomwacha Lavelle bila klabu, imerudi kwa klabu mpya kabisa.

Naye Lavelle? Novemba 2025, fainali mjini San Jose, Gotham iliyoingia mtoano ikiwa ya 8 ilikutana na Washington Spirit, mmoja wa wale waliowahi kummiliki. Dakika ya 80 mpira ulimfikia, akaupiga chini kwa mguu uleule wa kushoto. Ikabaki 1-0.